Ziara ya Siku za Ruhusa: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Taasubi ya Kidini

Mwezi Mei 2016, Fariba Kamalabadi alitoka katika gereza la Evin, Tehran, kwa ruhusa ya siku 5. Alikuwa ametimiza miaka 8 kifungoni. Miongoni mwa waliofika kumjulia hali katika siku hizo chache alikuwamo Faezeh Hashemi, mbunge wa zamani na binti wa Akbar Hashemi Rafsanjani, aliyekuwa rais wa Iran kuanzia 1989 hadi 1997. Mwenyeji alikuwa Mbaha'i, yaani mfuasi wa dini iliyotokea Iran katikati ya karne ya 19 na ambayo serikali ya nchi hiyo haiitambui. Mgeni alikuwa Mwislamu wa Kishia, tena mzaliwa wa mojawapo ya nyumba zilizoijenga Jamhuri ya Kiislamu. Picha yao wakiwa pamoja ilisambaa, na kwa siku kadhaa jambo la kawaida kabisa, yaani mtu kumtembelea mwenzake waliyefungwa pamoja, likawa gumzo la magazeti, la wanazuoni na la mahakama.

Majibu yalikuwa makali kupita uzito wa tukio lenyewe. Rafsanjani, ambaye wakati huo alikuwa mwenyekiti wa Baraza la Kuainisha Maslahi ya Mfumo, chombo kinachomshauri kiongozi mkuu wa nchi, alisema hadharani kwamba binti yake amefanya kosa na inampasa alirekebishe. Msemaji wa mahakama naye alikieleza kitendo hicho kuwa kibaya na cha aibu. Faezeh Hashemi hakurudi nyuma: alisema hajutii, na kwamba alikwenda kumwona rafiki aliyemjua gerezani. Hakuwa amebadili dini, wala hakuwa ametetea itikadi ya Kibaha'i. Aliingia katika nyumba ya mtu, akaketi, akaondoka. Kwa hiyo anayetaka kukielewa kisa hiki inambidi ajiulize ni nini hasa kilichokiukwa, maana ruhusa ya mfungwa ilikuwa halali na ziara haikufanywa kwa siri.

Ninavyoona, kilichokiukwa ni mpaka ambao haujaandikwa katika kanuni za adhabu lakini unajulikana na kila mtu nchini humo, na mpaka huo una jina ambalo msomaji wa Kiswahili halihitaji kufasiriwa: najisi.

Katika fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, najisi huambukiza kwa unyevu. Mkono mkavu ukigusa kitu kikavu hakuna kinachohama, lakini mkono wenye maji, kikombe chenye chai, kitambaa kibichi au tunda lililomenywa vinaweza kuhamisha unajisi kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Wanazuoni wengi wa Kisunni wanaisoma Aya ya 28 ya Sura At-Tawba, inayowataja washirikina kuwa ni najisi, kama maelezo ya hali ya imani yao, si ya miili yao. Katika fikihi ya Kishia kulikuwa na mkondo mrefu uliokwenda mbali zaidi na kuuhesabu mwili wenyewe wa asiye Mwislamu kuwa najisi, ingawa baadhi ya mujtahidi wakubwa wa karne ya 20, yaani wanazuoni wenye mamlaka ya kutoa hukumu, walifikia kusema kwamba Ahlul Kitabu, kama vile Mayahudi na Wakristo, ni tohara, yaani si najisi. Mkondo huo mkali uliacha alama katika maisha ya kila siku. Katika baadhi ya miji ya Uajemi ya zamani, Mayahudi walikatazwa kutoka nje siku ya mvua, kwa hofu kwamba maji yaliyopita juu ya nguo zao yangetiririka hadi kwa Waislamu. Wabaha'i walipotokea katikati ya karne ya 19 walikuta chombo kimekwisha kuundwa, na kwao kilitumika bila hata ile nafuu waliyoachiwa Ahlul Kitabu, kwa kuwa walihesabiwa ni watu walioritadi, yaani waliouacha Uislamu.

Mtu anaweza kudhani kwamba hayo ni mambo ya mababu. Lakini tarehe 9 Aprili 2007 kitengo cha polisi kinachosimamia maeneo ya umma kilitoa agizo kuhusu leseni za biashara za Wabaha'i. Agizo liliwazuia katika biashara zinazoingiza kipato kikubwa na katika zile zilizoitwa nyeti, kisha likataja kundi la tatu: kazi zinazohusu tohara. (Neno hilo hapa lina maana ya usafi wa kidini, halihusiani na jando.) Humo mliorodheshwa migahawa, maduka ya vyakula, mikahawa ya kahawa, wauza aiskrimu na juisi, na wapishi wa kumbi za sherehe. Mtu aliyeandika orodha hiyo aliijua fikihi yake vizuri, kwa sababu kila biashara ndani ya kundi hilo ni mahali ambapo mkono wa mtu unakutana na kitu chenye unyevu kitakacholiwa au kunywewa na mwingine. Mwaka 2013 kiongozi mkuu wa nchi alitoa fatwa ya kuwataka wananchi wajiepushe na muamala wowote na watu wa kundi alilolieleza kuwa potofu. Miaka 3 baadaye ndipo binti wa rais wa zamani akaingia nyumbani kwa mmoja wao.

Upande wa pili wa kisa ni mafundisho yenyewe, na hapa kuna jambo ambalo wachambuzi wengi hulipita haraka. Watu wakizungumzia Wabaha'i na taasubi ya kidini huanza na maneno makubwa: umoja wa dini, Mungu mmoja, wanadamu wote jamii moja. Maneno hayo yamo. Lakini Bahá'u'lláh, aliyezaliwa Tehran mwaka 1817 na kufa uhamishoni karibu na Akka mwaka 1892, alikuwa mtoto wa jamii hiyo hiyo iliyoogopa maji ya mvua yaliyopita juu ya Myahudi. Alipoandika kitabu chake cha sheria, Kitáb-i-Aqdas, karibu mwaka 1873, aliweka humo hukumu fupi inayofuta dhana ya unajisi wa vitu na wa watu wa mataifa na dini nyingine, na kuitaja kuwa ni fadhila kutoka kwa Mungu. Katika kitabu hicho hicho ameamrisha usafi kwa ukali usio wa kawaida: kuoga, kunawa miguu, kuvaa nguo isiyo na doa. Ni kana kwamba alichukua maji kutoka mikononi mwa walinzi wa mpaka na kuyarudisha bafuni, mahali pake. Mahali pengine katika kitabu hicho anawataka wafuasi wake watangamane na watu wa dini zote kwa urafiki na mapatano, na anawaonya dhidi ya moto wa ujinga unaoweza kuwatawala miongoni mwa watu.

Kwa hiyo amri ya kutangamana haikuachwa hewani. Ilitanguliwa na sheria iliyoondoa sababu ya kimwili ya kutotangamana. Huwezi kumwambia mtu awe rafiki wa jirani huku akiamini kwamba gilasi aliyonywea jirani inapaswa kuoshwa mara kadhaa. Mwana wa Bahá'u'lláh, 'Abdu'l-Bahá, aliyeongoza jumuiya kuanzia 1892 hadi 1921, alilipanua jambo hilo. Alipokuwa Paris mwaka 1911 alifundisha kwamba dini ikigeuka kuwa sababu ya chuki na mafarakano, ni afadhali kuishi bila dini hiyo, kwa kuwa dawa inayozidisha ugonjwa haina haja ya kunywewa. Katika barua aliyoiandikia kamati ya amani ya The Hague mwezi Desemba 1919, alizitaja taasubi za dini, za rangi, za uzalendo, za siasa na za kiuchumi kuwa wabomoaji wa jengo la ubinadamu. Neno alilotumia ni ta'assub, ambalo sisi tunalo kwa umbo la taasubi, na asili yake ya Kiarabu inagusa kufungamana kwa watu wa upande mmoja dhidi ya wa upande mwingine.

Mafundisho hupimwa pale yanapogharimu. Kamalabadi alikuwa mmoja wa watu 7 waliokuwa wakishughulikia mahitaji ya jumuiya ya Wabaha'i nchini Iran, inayokadiriwa kuwa na watu wapatao 300,000. Mabaraza yao ya kiroho yalipigwa marufuku mwaka 1983, na kikundi hiki kidogo kilifanya kazi bila cheo rasmi, kwa ufahamu wa serikali. Mahvash Sabet, mwalimu aliyefukuzwa kazi kwa sababu ya dini yake, alikamatwa Machi 2008. Wengine 6, akiwamo Kamalabadi, walichukuliwa majumbani mwao tarehe 14 Mei mwaka huo. Mashtaka yalikuwa pamoja na ujasusi na propaganda dhidi ya mfumo. Mwaka 2010 walihukumiwa miaka 20 kila mmoja, hukumu iliyoshushwa baadaye hadi 10. Kamalabadi alikuwa ameng'ara katika masomo ya sekondari lakini hakuruhusiwa kuingia chuo kikuu; alikuja kusomea saikolojia ya makuzi akiwa mtu mzima, katika taasisi ya elimu ya juu ambayo Wabaha'i waliianzisha wenyewe mwaka 1987, wakifundishana sebuleni.

Mwanzoni mwa 2009 mwandishi wa habari Mmarekani mwenye asili ya Iran, Roxana Saberi, aliwekwa kwa wiki kadhaa katika seli moja na wanawake hao wawili. Alipogoma kula na nguvu zikamwishia, ameandika yeye mwenyewe baada ya kuachiliwa, Mahvash na Fariba walimfulia nguo kwa mikono na kumsimulia hadithi ili asisikie njaa. Tulitazame tendo hilo kwa karibu. Mkono ulioloa, nguo iliyoloa, mtu wa dini nyingine: kwa mujibu wa ile orodha ya 2007, hiki ndicho kitu ambacho serikali ilitoa agizo ili kisitokee. Saberi si mtu aliyelelewa katika hofu hiyo, na sina nia ya kumpachika. Lakini wale wawili walikuwa wamelelewa wakitazamwa kwa jicho hilo tangu utotoni, na hata hivyo walichokifanya kwa mtu aliyekuja kwao dhaifu kilikuwa kuchovya nguo zake ndani ya maji.

Faezeh Hashemi alifika Evin mwezi Septemba 2012 kutumikia kifungo cha miezi 6 kwa kosa la propaganda dhidi ya mfumo. Kabla ya hapo angeweza kumaliza umri wake bila kuketi na Mbaha'i. Gerezani hakukuwa na njia ya kukwepa. Watu wa wadi moja ya wanawake wanapishana koridoni, wanaugua mbele ya macho ya wenzao, wanaletewa habari za watoto wao siku moja. Wahenga walisema asiyekujua hakuthamini, na humo ndani hakuna asiyejulikana. Kejeli ya jambo hili ni kwamba taifa lililojitahidi kuwatenga Wabaha'i na watu wa nyumba kubwa liliwakutanisha lenyewe, kwa amri ya hakimu. Na kuna kejeli nyingine iliyo chungu zaidi: mwezi Februari 1991, wakati baba yake Faezeh akiwa rais, Baraza Kuu la Mapinduzi ya Kiutamaduni lilipitisha waraka wa siri ulioelekeza kwamba njia za maendeleo ya Wabaha'i zizibwe na kwamba wanaojulikana kuwa Wabaha'i wafukuzwe vyuoni. Mgeni wa mwaka 2016 alikuwa akiketi mbele ya mtu ambaye maisha yake yalikuwa yamebanwa kwa miaka mingi na siasa za meza ambayo baba yake aliwahi kuketi kichwani pake.

Upande wa Wabaha'i katika kisa hiki una sehemu mbili ambazo hazionekani pichani. Ya kwanza ni kutoficha. Mbaha'i wa Iran angeweza kupata nafasi ya chuo, leseni, hata pasipoti kwa urahisi zaidi kama angejaza "Mwislamu" kwenye fomu. Katika mila ya Kishia yenyewe taqiya, yaani kuificha imani, inajulikana na inakubalika wakati wa hatari. Wabaha'i wamekatazwa kuikana imani yao hata kwa maneno tu, na wanaishika amri hiyo kwa gharama kubwa. Hili linahusiana na taasubi kwa namna isiyo wazi mara moja: urafiki uliojengwa juu ya utambulisho wa bandia haubomoi chochote, kwa sababu anayebaguliwa hayumo ndani yake. Faezeh Hashemi alijua yuko na nani.

Sehemu ya pili ni kutodai. Hakuna ushahidi wowote kwamba mwenyeji alimtaka mgeni abadilike. Dini ya Kibaha'i inakataza kuwashurutisha watu kuifuata. Hata mtoto wa Kibaha'i harithi dini kama anavyorithi shamba, hujiamulia mwenyewe anapofika umri wa miaka 15. Mbaha'i anaweza kuoa au kuolewa na mtu wa dini nyingine, sharti kubwa likiwa idhini ya wazazi wa pande zote mbili, na dini ya mwenzake haiwi kikwazo. Mgeni alitoka katika nyumba ile akiwa Mwislamu vile vile alivyoingia, na naamini hilo ndilo lililowaudhi wakosoaji wake zaidi. Angekuwa ameritadi, ingekuwa rahisi kumweleza.

Haingekuwa haki kuuweka Ushia wote upande mmoja wa mpaka huu. Mwezi ule ule wa Mei 2008 walipokamatwa viongozi wale, Ayatollah Hossein-Ali Montazeri, aliyewahi kuteuliwa kumrithi Khomeini, mwasisi wa Jamhuri ya Kiislamu, kabla ya kutengwa, alitoa tamko kwamba Wabaha'i, kwa kuwa ni watu wa nchi hiyo, wana haki ya maji na udongo wake, na wanastahili huruma ya Kiislamu. Sijui kama alichagua neno "maji" kwa kukusudia, maana ni usemi uliozoeleka wa Kiajemi kuhusu haki ya mwenyeji, lakini ukitoka kinywani mwa faqihi mkubwa katika mjadala huu una mguso wake. Mwezi Aprili 2014 mwanazuoni mwingine, Ayatollah Abdol-Hamid Masoumi-Tehrani, aliwazawadia Wabaha'i wa dunia kazi ya kaligrafia aliyoinakshi kwa mkono wake. Maandishi aliyoyachagua yalikuwa ile aya ya Kitáb-i-Aqdas inayoamrisha kutangamana na dini zote. Aliyeiandika kwa wino alikuwa Mshia aliyevaa kilemba, na ameendelea kuwa Mshia.

Kisa kina mipaka yake, na mchambuzi akiificha anaharibu kazi. Mgeni alikuwa na jina lililomkinga. Mwanamke wa kawaida wa Tehran aliyekwenda nyumba ile angeweza kupoteza kazi bila gazeti lolote kumtaja. Ziara haikubadilisha kifungu cha 13 cha Katiba ya Iran, kinachowatambua Wazoroasta, Mayahudi na Wakristo peke yao kuwa ni dini za wachache. Na kuna swali la haki lisiloepukika: kwa nini mzigo wa kuonyesha ukarimu uanguke kila mara juu ya anayeonewa? Jibu la Wabaha'i, wanapoeleza mwenendo wao nchini Iran, ni kwamba wajibu wa kutangamana hautegemei mwenzako atarudisha nini, na kwamba chuki ikikushinda umeshindwa mara mbili. Naliheshimu jibu hilo, ila sidhani kwamba linamwondolea lawama yeyote aliyeandika orodha ya biashara.

Wako pia wanaouliza kama jumuiya hii yenyewe haina mpaka wake. Wanataja desturi ya kujitenga na wale wanaoitwa wavunja Agano, yaani watu waliokuwa ndani na wakajaribu kuigawa jumuiya kwa kudai uongozi mwingine. Swali ni halali. Wabaha'i hujibu kwamba hukumu hiyo inahusu kulinda umoja wa ndani, kwamba haimgusi mtu wa dini nyingine wala anayejitoa tu kwa sababu haamini tena, na kwamba haki za kiraia za mtu huyo hazipungui. Msomaji atalipima jibu hilo mwenyewe. Katika kisa hiki ninachoweza kusema ni kwamba kwa mtu wa dini nyingine, mlango wa nyumba ile ulikuwa wazi.

Ruhusa ilipokwisha, Kamalabadi alirudi Evin. Rafsanjani alifariki Januari 2017. Mahvash Sabet aliachiliwa Septemba mwaka huo na Kamalabadi tarehe 31 Oktoba, kila mmoja akiwa amemaliza kifungo chake. Tarehe 31 Julai 2022 wote wawili walikamatwa tena, na kabla ya mwaka kwisha wakahukumiwa miaka mingine 10. Mwishoni mwa Septemba 2022, wakati wa maandamano yaliyofuata kifo cha Mahsa Amini, mwanamke kijana aliyekufa akiwa mikononi mwa polisi, Faezeh Hashemi naye alikamatwa, akapewa kifungo cha miaka 5. Gereza alilopelekwa lilikuwa Evin.